Mtaji wa teksi na bajaji za umeme au gesi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu wa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania anayetaka kuingiza chombo barabarani bila kutegemea petroli, na anatafuta nani amkopeshe. Kenya ina swali lake mwishoni. Mifano ya hesabu ni kwa shilingi za Tanzania. Weka bei za siku yako, mpangilio wa hesabu utabaki uleule.

## Kabla ya kuomba hela

1. Teksi rafiki kwa mazingira ni ipi? Ya gesi nayo inahesabika?

Kwa wakopeshaji wengi, ndiyo, zote mbili zinahesabika. Kwa mazingira hazilingani. Gesi asilia iliyoshindiliwa, ile ambayo mtaani tunaiita CNG, hutoa hewa ya ukaa pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na petroli, na moshi wake ni safi zaidi. Bado ni mafuta ya ardhini, yanayotoka Songo Songo na Mnazi Bay. Chombo cha umeme hakitoi moshi kabisa barabarani, na sehemu kubwa ya umeme wa gridi yetu sasa inatokana na maji, hasa tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha mwaka 2024.

Ukiandika maombi kwa mfuko wa mazingira, taja gesi kama hatua ya mpito. Wakaguzi wao wanajua tofauti, na ukijidai teksi ya gesi haichafui chochote utaonekana hujasoma.

2. Nianze na kipi?

Kama tayari una gari dogo la petroli linalofanya kazi, funga mfumo wa gesi kwanza. Ni mtaji mdogo kuliko wote na unarudi haraka (angalia swali la 4). Kama huna chombo, bajaji ya umeme ndiyo inayokopesheka kirahisi zaidi: bei yake inavumilika, kipato chake ni cha kila siku, na mkopeshaji anaweza kukikamata chombo na kukiuza ukishindwa kulipa. Gari la umeme la magurudumu manne liache mpaka uwe na mkataba wa uhakika na hoteli, shule au kampuni, kwa sababu marejesho yake hayatoki kwa abiria wa kusubiri kijiweni.

3. Ukiacha bei ya chombo, niweke akiba ya nini?

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanakopa bei ya bajaji kamili, halafu inakaa uani wiki tatu ikisubiri vibali huku marejesho yameanza. Weka hela ya usajili, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), bima kubwa (mkopeshaji hatakubali bima ndogo), ada ya kituo au kijiwe, chaja na waya wake, matairi, na marejesho ya mwezi mmoja kamili ambayo hutayagusa. Kwa gesi, ongeza ukaguzi wa gari kabla ya kufunga mtungi: injini iliyochoka haitaponywa na gesi, na karakana makini itakurudisha kwanza ukarekebishe plagi na koili.

## Hesabu

4. Nafuu ya mafuta inatosha kulipa mkopo?

Kwa gesi kwenye gari, mara nyingi inatosha yenyewe. Tuchukue Toyota IST inayotembea kilomita 150 kwa siku na kula lita 10 za petroli. Lita ikiwa Sh 2,900, hiyo ni Sh 29,000. Kwa gesi itatumia kama kilo saba na nusu. Kilo ikiwa Sh 1,550, ni Sh 11,625. Umeokoa Sh 17,375 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh 451,750. Kufunga mfumo kukikugharimu Sh milioni mbili, hela imerudi kabla ya mwezi wa tano kuisha.

Lakini kuna foleni. Vituo vya gesi bado ni vichache ukilinganisha na magari yaliyofungwa mitungi, na dereva anaweza kupoteza saa mbili akisubiri zamu. Saa mbili za asubuhi ni abiria watatu au wanne. Ziondoe kwenye hesabu, au jaza usiku.

Kwa bajaji ya umeme, nafuu peke yake haitoshi. Bajaji ya petroli inayotembea kilomita 100 hula kama lita tatu na nusu, Sh 10,150. Ya umeme huhitaji kama uniti nane ukihesabu na zinazopotea kwenye chaja. Kwa Sh 356 kwa uniti, ni Sh 2,848. Unaokoa kama Sh 7,300 kwa siku. Marejesho ya bajaji ni zaidi ya mara mbili ya hapo (swali linalofuata), kwa hiyo mkopo unalipwa na nauli, na nafuu ya umeme ni ile inayokuachia kula na familia. Anayekuambia bajaji ya umeme inajilipa yenyewe anauza bajaji.

5. Wakopeshaji wawili wote wanasema riba ni asilimia 18 kwa mwaka, mbona marejesho hayalingani?

Kwa sababu mmoja anatoza riba kwenye mkopo wote mpaka mwisho, na mwingine anatoza kwenye salio linalopungua. Kopa Sh milioni 9 kwa miezi 24. Kwa njia ya kwanza riba ni Sh 3,240,000, na kila mwezi unalipa Sh 510,000. Kwa njia ya pili kila mwezi unalipa kama Sh 449,300, na riba yote haifiki Sh milioni 1.8. Tofauti ni karibu Sh milioni moja na nusu, na mabango ya wote wawili yameandikwa 18.

Usiulize riba ni asilimia ngapi. Uliza: "Nikimaliza, nitakuwa nimelipa jumla shilingi ngapi, pamoja na ada ya fomu, bima ya mkopo na kifaa cha kufuatilia chombo?" Mwambie akuandikie. Kisha gawanya marejesho ya mwezi kwa 26, si kwa 30, maana hutafanya kazi siku zote. Sh 510,000 ni kama Sh 19,600 kwa kila siku ya kazi, kabla hujanywa chai.

6. Mkopo uwe wa muda gani?

Uishe kabla ya dhamana ya betri kuisha. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na kudaiwa hela ya betri iliyokufa ni balaa. Betri za risasi na asidi, zinazowekwa kwenye bajaji za bei poa, hushuka nguvu mapema sana kwa kazi ya teksi. Kama chombo kina hizo, mkopo wa miezi 24 usiuguse. Za lithiamu hudumu zaidi, lakini soma dhamana: ni ya miaka, ya kilomita, au ya chochote kitakachotangulia?

## Hela iko wapi

7. Kuna ruzuku za mazingira ambazo hazirudishwi?

Zipo, ila haziko kwenye ngazi ya mtu mwenye bajaji moja. Programu kama FUNGUO ya UNDP Tanzania, iliyoungwa mkono na Umoja wa Ulaya, imetoa ruzuku kwa kampuni changa zenye ubunifu na hesabu zinazokagulika. Huko juu, kimataifa, Mfuko wa Tabianchi wa Kijani (GCF) hufanya kazi na taasisi zilizoidhinishwa. Benki ya CRDB ilipata ithibati hiyo mwaka 2019. Hela hizo zikishuka mpaka kwako zinakuwa zimeshageuka mkopo wa kawaida wenye masharti nafuu kidogo, kama zitashuka.

Ukitaka ruzuku, usiende kama dereva. Nendeni madereva ishirini wenye chama kilichosajiliwa, akaunti ya pamoja na wazo linalozidi kununua vyombo: kituo cha kuchajia kwenye kijiwe chenu, kwa mfano. Kumbuka pia kwamba mchakato huenda miezi mingi. Anayehitaji chombo mwezi ujao aruke swali hili.

8. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inafaa?

Inafaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu haina riba. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Mlango wake ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata.

Tatizo ni kikundi. Mkopo hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa (mwenye ulemavu anaweza kufikiriwa peke yake), na kikundi cha watu watano chenye bajaji mbili ni ugomvi unaosubiri siku. Andikeni kabla ya kupokea: nani anaendesha siku gani, hesabu (hela ya kupeleka kila siku) ni kiasi gani, nani anashika funguo, na anayetaka kujitoa anaondoka na nini. Kamati ya mikopo ikiona karatasi hiyo nayo huwa na imani zaidi, kwa sababu vikundi vilivyoundwa jana kwa ajili ya mkopo wanavijua kwa harufu.

9. Benki je?

Benki kubwa hukopesha vyombo, lakini huangalia mzunguko wa akaunti kuliko wazo lako. Kwa dereva anayepokea nauli mkononi, tatizo liko hapo: anaingiza hela kila siku na benki haimjui. Miezi sita kabla ya kuomba, anza kuweka mauzo benki au kupokea kwa namba ya malipo ya simu yenye jina lako. Benki pia itataka mchango wako mwenyewe kwenye bei ya chombo, hivyo usiende mikono mitupu.

10. SACCOS na VICOBA?

Kwa kufunga gesi, SACCOS ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni kiasi kinachowezekana, riba yake kwa kawaida inavumilika, na wadhamini ni wenzako. Kwa bajaji nzima, VICOBA hakitatosha, lakini kinaweza kukupa ule mchango wa mwanzo unaodaiwa na benki. Madeni yote mawili uyaweke kwenye hesabu ya swali la 5, usihesabu la benki peke yake.

11. Mkataba wa "endesha mpaka iwe yako" ni mzuri?

Ndiyo njia inayotumika zaidi mtaani, iwe kwa tajiri mmoja au kwa kampuni ya kukopesha vyombo. Unapewa chombo, unapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya mwaka au mwaka na nusu kadi inabadilishwa jina. Faida yake ni kwamba huulizwi kiwanja. Hasara ni kwamba jumla unayolipa ni kubwa kuliko ya benki, na mpaka siku ya mwisho huna kitu.

Soma vifungu vinne. Ukikosa hesabu siku ngapi chombo kinachukuliwa, na ulizokwisha kulipa zinakwenda wapi? Chombo kikiwa gereji kwa ubovu wa kiwandani, hesabu inasimama? Betri ni yako au ya kukodi? Na kadi itabadilishwa ndani ya siku ngapi baada ya kumaliza, kwa gharama ya nani? Hicho cha pili ndicho kinacholiza watu wa umeme. Fundi wa bajaji ya petroli yuko kila kona. Wa kifaa cha kudhibiti mota anaweza kuwa mmoja mjini, na kipuri kiko melini. Dereva anakaa nyumbani siku tisa, deni linasonga. Mkataba usiosema lolote kuhusu siku hizo, rudisha uandikwe.

12. Sitaki riba. Nifanyeje?

Amana Bank inaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, na baadhi ya benki za kawaida zina dirisha hilo, kama Al Barakah ya CRDB; Zanzibar ipo PBZ. Utaratibu unaotumika kwa vyombo ni murabaha: benki inanunua chombo, inakuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, unalipa kwa awamu. Si lazima uwe Mwislamu. Uzuri wake mwingine ni kwamba bei ya mwisho inajulikana siku ya kwanza, kwa hiyo ule mkanganyiko wa swali la 5 haupo. Hakikisha tu benki iko tayari kununua kwa muuzaji wako. Wauzaji wadogo wa vyombo vya umeme wakati mwingine hawana nyaraka zinazotakiwa.

13. Ndugu yangu yuko Oman, yuko tayari kutuma hela. Tuandikishane?

Tena sana. Andikeni kwamba ni mkopo au ni ubia, kimoja. Hela iliyotumwa bila jina huanza kama msaada na kumalizika kikao cha ukoo. Kama ni ubia, kadi ya chombo iwe na jina la nani ndilo swali la kwanza, siyo la mwisho.

## Nyaraka na dhamana

14. Sina nyumba wala kiwanja. Nitaweka dhamana gani?

Chombo chenyewe. Mkopeshaji hubaki na kadi halisi, jina lake likiwemo, mpaka umalize. Atataka pia wadhamini wawili, kitambulisho cha NIDA, TIN, barua ya serikali ya mtaa, na leseni yako ya udereva ya daraja linaloruhusu chombo hicho. Ataangalia pia kumbukumbu zako za mikopo, zikiwemo zile za simu. Deni la Sh 15,000 ulilolisahau linaweza kukukosesha milioni tisa, basi lilipe kwanza.

Kampuni si lazima uwe nayo kwa chombo kimoja. Jina la biashara la BRELA linatosha ukitaka mikataba na mashirika.

15. Mpango wa biashara uwe na kurasa ngapi?

Mbili. Ya kwanza ieleze unafanya kazi wapi na abiria wako ni nani (wanafunzi wa chuo, wagonjwa wa hospitali fulani, wafanyabiashara wa Kariakoo). Ya pili iwe jedwali la siku: mauzo, umeme au gesi, kijiwe, matengenezo, marejesho, kinachobaki. Weka na siku mbaya, ya mvua za masika ambapo Jangwani imejaa maji. Afisa mikopo akiona umehesabu siku mbaya, mazungumzo hubadilika. Kurasa tatu za mabadiliko ya tabianchi hazisomi, nawe usijichoshe.

## Kesi ngumu

16. Gari ni la tajiri. Nani alipie kufunga gesi?

Mwenye gari, kwa sababu mtungi utabaki kwenye gari lake. Akikataa na wewe unaona faida, mlipane kwa hesabu: wewe unafunga, yeye anapunguza hesabu ya siku mpaka gharama irudi, kwa maandishi. Usifunge kwa hela yako kwa ahadi ya mdomo. Gari likishatumia gesi, tajiri hupata hamu ya kupandisha hesabu au kumpa mpwa wake.

17. Naishi nyumba ya kupanga yenye LUKU moja. Nitachajije?

Hili ni la mtaji vilevile, ingawa watu hulikumbuka baada ya kununua. Nyumba nyingi za kawaida ziko kwenye tarifa ya D1, Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Bajaji moja hula zaidi ya uniti 200. Mwezi wa kwanza tu nyumba nzima itatoka kwenye nafuu hiyo, na wapangaji wenzako watakaa kikao bila wewe. Omba mita yako mwenyewe, ingiza gharama yake kwenye mkopo, na pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Vinginevyo tumia mfumo wa kubadilisha betri, kama unapatikana kwenu.

18. Kampuni iliyonipa chombo ikifunga?

Imewahi kutokea jirani. NopeaRide ilianzisha teksi za umeme Nairobi mwaka 2018, ikitumia Nissan Leaf, na vituo vyake yenyewe vya kuchajia. Abiria walikuwepo. Mwishoni mwa 2022 kampuni mama ya Ufini iliishiwa fedha, na huduma ikasimama. Kwa hiyo uliza chombo kinaweza kuchajiwa kwa soketi ya kawaida au kwa vituo vyao peke yao, na kama betri yake inauzwa na mtu mwingine. Chombo kinachofunguliwa kwa programu ya kampuni kinaweza kulala kampuni ikilala.

19. Nitegemee programu za kuita teksi kulipa mkopo?

Zitumie, usizitegemee peke yake. Aprili 2022 Uber ilisitisha huduma Tanzania kwa sababu ya mvutano na LATRA kuhusu nauli na ukomo wa kamisheni, ikarejea mwanzoni mwa 2023. Aliyekuwa na marejesho miezi hiyo na hana wateja wa simu yake mwenyewe aliumia. Kwenye jedwali la swali la 15, programu zisibebe zaidi ya nusu ya mauzo.

20. Niko Kenya. Kuna tofauti gani?

Huko soko limeegemea bodaboda za umeme na mfumo wa kubadilisha betri: unanunua pikipiki, betri inabaki ya kampuni kama Ampersand au Spiro, na unalipia kila ukibadilisha. Bei ya kuanzia inashuka, lakini umefungwa kwa mwenye betri, hivyo swali la 18 linakuhusu zaidi. Hustler Fund ya mtu binafsi huishia KSh 50,000, haitoshi pikipiki. Itumie kama mchango wa mwanzo, au jaribu Uwezo Fund kwa kikundi. Kenya Power ina tarifa maalumu ya kuchaji vyombo tangu 2023, na usiku ni nafuu zaidi. Kwa teksi za programu, kanuni za 2022 zinaweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 18.

21. Nimepata ujumbe: mkopo wa bajaji ya umeme, bila dhamana, tuma ada ya fomu kwanza.

Usitume. Mkopeshaji halali hukata ada kwenye mkopo au huilipisha ofisini kwa risiti. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kabla ya kusaini popote, omba kuona leseni ya BoT. Kampuni za mikopo za daraja la pili (zisizopokea amana) zina ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutajia 15 kwa mwezi ni kausha damu, hata kama bango lake ni la kijani.

22. Tayari nina mkopo na mwezi huu sitaweza kulipa.

Nenda kabla ya tarehe, usizime simu. Peleka uthibitisho wa sababu: risiti ya gereji, cheti cha hospitali, barua ya muuzaji kwamba kipuri kimechelewa. Omba muda wa mkopo urefushwe, na uandikiwe ratiba mpya yenye jumla mpya. Usikope kausha damu kulipia benki. Na usimpe chombo deiwaka (dereva wa kushikiza) ili upate muda wa kukimbia kutafuta hela, kabla hujasoma mkataba: mingi inakataza mtu mwingine kuendesha, na hiyo peke yake ni sababu ya kukinyang'anya.